Halijoto na Kasi ya Mmenyuko: Istilahi na Sentensi katika Kiswahili cha Sayansi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kufundishia sayansi umezoea kuhesabu istilahi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba istilahi ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni sentensi inayozibeba. Mfano unaotumika ni athari ya halijoto katika kasi ya mmenyuko wa kikemia.

Katika Kilwa Kivinje, mji wa wavuvi, ujuzi wa jambo hili ni wa kale. Samaki akiachwa kwenye joto huharibika upesi. Akitiwa katika barafu hukawia. Tembo la mnazi huchacha mapema siku ya jua kali. Kwa mwanakemia, vitenzi kuoza, kuchacha na kuiva vyote vinataja mimenyuko. Lugha ya kila siku imevitenga kwa faida au hasara ya mlaji. Sayansi inavikusanya chini ya jina moja.

Ugumu wa kwanza umo katika neno joto. Pipa la maji ya uvuguvugu lina joto jingi kuliko kikombe cha maji yanayochemka, ingawa halijoto yake ni ndogo. Joto ni nishati inayohama. Halijoto ni kipimo cha hali. Istilahi hizi, pamoja na jitihada kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, zinaondoa utata huo.

Ugumu wa pili haumo kamusini. Mwalimu husema: "Kadiri halijoto inavyopanda, ndivyo kasi inavyoongezeka." Sentensi hii ni fasaha, lakini inaonyesha mwelekeo tu, na humfanya msikilizaji adhani kwamba viwili hivyo hupanda kwa uwiano sawa. Sivyo. Mwaka 1889 Svante Arrhenius, mwanakemia wa Sweden, alieleza kwamba molekuli hazina budi kuvuka kizingiti cha nishati ndipo mmenyuko utokee. Kizingiti kikiwa kilojuli 50 kwa moli, halijoto ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 35 za Selsiasi, kasi huwa takriban mara mbili.

Nadharia ya migongano, iliyoasisiwa na Max Trautz mwaka 1916 na William Lewis mwaka 1918, inafafanua sababu. Katika gesi, ongezeko hilo la nyuzi 10 huzidisha idadi ya migongano kwa chini ya asilimia 2. Kinachokua sana ni sehemu ya migongano yenye nguvu ya kuvuka kizingiti. Mwaka 1935 Henry Eyring, na kwa upande wao Evans na Polanyi, waliongeza nadharia ya hali ya mpito, inayotazama mpangilio wa atomu pale kileleni, kabla viungo vya kale havijakatika na vipya kukamilika.

Tena "kadiri" ina mpaka. Vimeng'enya vinavyoharakisha kuoza kwa samaki huvurugika kwa joto kali. Ndiyo maana samaki aliyepikwa hukaa kuliko mbichi aliyeachwa wazi. Ng'onda naye hudumu kwa njia nyingine: chumvi na jua humnyima maji, si joto.

Umuhimu wa suala hili unaonekana darasani. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida hujifunza kwa Kiswahili, kisha sekondari hukutana na kemia kwa Kiingereza. Akipewa neno mmenyuko pekee, amepewa jina. Akiambiwa kwa Kiswahili kwamba migongano imeongezeka kidogo, ila inayofaulu kuvuka kizingiti imekuwa maradufu, amepewa sababu. Kwa hiyo wanaisimu wanaotunga istilahi wana wajibu wa kukaa pamoja na wanakemia hadi sentensi nzima ikamilike, kwa kuwa ni katika sentensi ndipo mwanafunzi huelewa au hupotea.