Simu Yako Unapovuka Mto Songwe

Kila Jumamosi soko la Lyulilo hujaa vyungu. Akina mama wa Kikisi huvileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, na wanunuzi huja kutoka vijiji vya jirani na mbali zaidi. Lakini safari za akina mama wa mwambao huu haziishii sokoni. Wapo miongoni mwetu wanaopanda gari kupitia Ipinda na Kyela hadi Kasumulu, wakavuka mpaka kwenda Karonga au Mzuzu, nchini Malawi. Mmoja anafuata biashara, mwingine msiba au harusi, mwingine mkutano wa akina mama wa kanisa. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni ndugu, na lugha zao zinasikilizana. Ndiyo maana wengi wetu hatujioni kuwa tumekwenda ugenini.

Simu, hata hivyo, haijui undugu. Ukishavuka daraja la Songwe, kwa simu yako Karonga ni nje ya nchi kama ilivyo London. Bando ulilonunua asubuhi Kyela halikufuati. Mama asiyelijua hilo huweza kupata hasara ya aina mbili: ama fedha ya mtaji inageuka vocha, ama watoto wanakaa siku nne bila kusikia sauti yake. Hebu tuangalie njia zilizopo, ili kila mmoja achague inayomfaa.

Njia ya kwanza: kusafiri na laini yako

Huduma hii huitwa rominga. Laini yako ya Tanzania hushika mnara wa kampuni ya Malawi, na kampuni hizo mbili hudaiana. Anayelipa mwishowe ni wewe. Jambo ambalo wengi hawalitegemei ni kwamba ukiwa kwenye rominga unaweza kutozwa hata kwa kupokea simu. Anayekupigia kutoka Lyulilo hulipa bei ya kawaida, na kipande cha kutoka Tanzania hadi ulipo unakilipia wewe.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme, kwa mfano tu, dakika moja ni shilingi 1,500. Ukiongea dakika tano asubuhi na tano jioni kwa siku nne, hizo ni dakika 40, yaani shilingi 60,000. Hiyo kwa mama mwenye genge ni mtaji. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, piga huduma kwa wateja ya kampuni yako, uulize mambo matatu: bei ya kupiga, bei ya kupokea, na kama kuna kifurushi maalum cha Malawi.

Wengine wanakumbuka kwamba mpaka huu uliwahi kulegezwa. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel ilianzisha mpango wa One Network kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 2007 Malawi ikaingizwa. Celtel baadaye ikawa Zain, kisha Airtel, ambayo ipo pande zote mbili. Hata hivyo, usitegemee bei za zamani, wala usidhani kwamba jina moja ni bei moja. Vilevile makubaliano ya mwaka 2014 ya Kenya, Uganda na Rwanda ya kuondoa ada ya kupokea simu yasituchanganye. Hayo ni mambo ya Afrika Mashariki, na Malawi si mwanachama wa Jumuiya hiyo.

Njia ya pili: kununua laini ya Malawi

Kampuni kubwa huko ni Airtel na TNM. Laini husajiliwa kwa kitambulisho, na mgeni huombwa pasipoti, kwa hiyo uwe na hati yako mkononi. Nunua kwenye duka la kampuni au kwa wakala anayesajili mbele yako. Usikubali laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata ikiwa rahisi. Likitokea jambo, utakosa la kujieleza.

Laini hii inafaa sana kuwapigia wenyeji: mwenye nyumba ya wageni, dereva, mteja wako. Lakini kupiga Tanzania kwa laini hiyo ni simu ya kimataifa. Utaanza na +255 na kuacha sifuri ya mwanzo. Wa nyumbani naye akikupigia kwa namba yenye +265, yeye ndiye atakayelipa bei ya nje.

Njia ya tatu: kuongea kwa intaneti

Mwenye simu janja ana nafuu zaidi. Nunua bando la intaneti kwenye laini ya Malawi, kisha ongea na nyumbani kwa WhatsApp. Ukibadilisha laini, WhatsApp hubaki na namba yako ya Tanzania. Ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa. Njia hii inataka kitu kimoja: nyumbani nako pawe na simu janja yenye bando. Mnunulie baba watoto au binti mkubwa bando kabla hujaondoka. Ujumbe wa sauti hutumia intaneti kidogo, na mtoto anaweza kuusikiliza tena usiku akikukumbuka.

Usiitoe laini ya nyumbani

Shauri letu kwa walio wengi ni simu ya laini mbili: ya Tanzania kwa kupokea ujumbe, ya Malawi kwa kuongea na kwa intaneti. Mwenye kitochi cha laini mbili naye anaweza kufanya hivyo, isipokuwa kwa WhatsApp. Laini ya nyumbani ndiyo yenye fedha zako na kikundi chako cha kuweka na kukopa, na ndiyo inayopokea namba za siri za benki. Iache ndani ya simu, lakini zima rominga ya data. Usipoizima, simu itaendelea kuvuta picha za makundi kwa bei ya nje huku wewe umelala.

Usitegemee pia kutoa fedha za laini ya Tanzania kwa wakala wa Karonga. Toa mapema unazozihitaji, na fedha ya matumizi ya nyumbani itume kabla ya kuvuka. Namba yako ya siri usimwachie mtu.

Kabla ya kuondoka

• Pale Kasumulu angalia jina la mtandao kwenye kioo. Karibu na mpaka simu huweza kushika mnara wa ng'ambo kabla wewe hujavuka.

• Andika namba muhimu kwenye karatasi, kila moja ikianza na +255. Simu ikiibwa, karatasi itakuokoa.

• Patana na nyumbani saa ya kuongea, kwa saa ya Tanzania. Malawi ipo nyuma kwa saa moja: huku ikiwa saa mbili usiku, kule ni saa moja.

• Patana nao pia maana ya kubipu. Simu isiyopokelewa kwa kawaida haitozwi. Mlio mmoja uwe "nimefika salama", milio mitatu mfululizo uwe "kuna tatizo, nitafute". Wafundishe watoto wasiipokee.

Ipi ichaguliwe?

Kwa safari ya siku moja, laini yako inatosha, kwa ujumbe mfupi na kubipu. Kwa siku tatu na zaidi, laini ya Malawi hujilipa yenyewe. Ukikaa miezi, hakikisha laini ya Tanzania inatumika mara kwa mara, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu huweza kufungwa.

Bei hubadilika, kwa hiyo ulizia kila safari. Kaeni na baba watoto jioni moja kabla ya safari, mpange nani atampigia nani, saa ngapi, na kwa laini ipi. Mtoto akipata homa usiku, walio nyumbani wajue namna ya kukupata, na wewe uwe na salio la kujibu.