Kuchagua Mashine ya Kufyonza Vumbi Iliyokwisha Tumika

Katika miji ya Marekani na Uingereza yapo maduka yauzayo vitu vilivyokwisha tumika, ambavyo wenyewe wamevitoa kwa hisani. Mengi huendeshwa na vyama vya kusaidia wenye shida. Shirika la Goodwill, kwa mfano, lilianzishwa mjini Boston mwaka 1902. Kando ya nguo na vyombo vya jikoni, mashine za kufyonza vumbi hazikosekani humo. Bei yake ni ndogo, na baadhi ya watu wa Afrika Mashariki waishio huko huzinunua ili kuzituma nyumbani. Lakini mashine iliyonunuliwa bila ya kukaguliwa huweza kuungua siku ya kwanza, au kumdhuru mwenye kuitumia. Elimu ya fizikia ya shule ya sekondari yatosha kumwongoza mnunuzi.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza mashine kubwa ya kufyonza vumbi iliyokokotwa kwa farasi; ilisimama barabarani na mabomba yake yakapitishwa madirishani. Huko Marekani, James Murray Spangler, mfagizi wa duka katika mji wa Canton aliyekuwa na ugonjwa wa pumu, aliunda mashine ndogo ya kubebeka, akapata hataza yake mwaka 1908. Kanuni yake ndiyo itumikayo hata leo.

Ndani ya mashine mna mota izungushayo pangaboi kwa kasi kubwa, mara nyingi zaidi ya mizunguko 20,000 kwa dakika. Pangaboi huisukuma hewa nje, na kanieneo ya hewa iliyobaki ndani hupungua. Hewa ya chumbani, ambayo kanieneo yake ni paskali 100,000 hivi, hukimbilia ndani ikichukua vumbi. Kwa hiyo, kwa kusema kweli, mashine haivuti vumbi. Ni hewa ya nje ndiyo inayolisukuma. Wala hapapatikani ombwe kamili, kwa kuwa mashine nyingi za nyumbani hupunguza kanieneo kwa kiasi cha sehemu moja kwa tano tu.

Kukagua dukani

Jambo la kwanza ni waya. Mpira wake ukiwa umepasuka, umekuwa mgumu, au umefungwa kwa utepe, mashine hiyo iachwe, hasa kwa kuwa waya huburutwa sakafuni kila siku. Kibandiko cha maelezo nacho kisomwe. Alama ya mraba ndani ya mraba huonyesha kwamba mashine ina tabaka mbili za kuhami umeme, na kwa sababu hiyo haihitaji waya wa kwenda ardhini. Mashine ya namna hiyo ikiwa na ganda lililovunjika imepoteza sehemu ya kinga yake.

Kisha mashine iwashwe. Mnunuzi azibe mdomo wa bomba kwa kiganja kwa muda mfupi. Kama mashine ni nzima, kiganja kitabanwa na mlio wa mota utapanda. Wengi hudhani kwamba mlio huo ni dalili ya mota kuelemewa. Ukweli ni kinyume chake. Bomba likizibwa, pangaboi halina hewa nyingi ya kusukuma, mzigo hupungua, na mota huzunguka kwa kasi zaidi. Kama mlio haukubadilika na kiganja hakikubanwa, hewa inaingia mahali pengine: bomba limetoboka au kifuniko hakifungi sawasawa. Bomba lisizibwe kwa muda mrefu, kwa kuwa katika mashine nyingi hewa ipitayo ndiyo ipoozayo mota.

Harufu ya kuungua na cheche nyingi karibu na mota ni dalili kwamba burashi za kaboni zimelika, au nyaya za mota zimeharibika. Burashi huweza kubadilishwa kwa gharama ndogo. Mota iliyoungua haifai kitu. Chujio nalo litazamwe. Chujio lililochanika huirudisha chumbani vumbi laini, yaani ile ile imdhuruyo mwenye pumu. Aidha, mfuko wa vumbi la wenyewe wa kwanza utolewe nje ya nyumba, kwa maana huweza kuwa na kunguni au viroboto.

Wati nyingi si nguvu nyingi

Wauzaji hupenda kusifu wati. Lakini wati huonyesha umeme unaoliwa, si vumbi linaloondolewa. Katika Jumuiya ya Ulaya, sheria iliyoanza mwaka 2014 iliweka kikomo cha wati 1,600 kwa mashine mpya, kikashushwa hadi wati 900 mwaka 2017. Na nyumba hazikukosa kusafishwa.

Hatari ya volti

Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120. Wa Tanzania ni volti 230, na wa Kenya ni volti 240. Mashine ya Marekani ya wati 1,200 hutumia ampea 10. Ikichomekwa katika volti 240, mkondo hupita kiasi. Katika kifaa chenye ukinzani usiobadilika, volti zikiwa maradufu joto huwa mara nne. Mota haifuati hesabu hiyo barabara, lakini nayo huzunguka kupita kiasi na kuungua upesi. Kubadilisha plagi pekee hakubadilishi volti. Hapana budi kupata transfoma iwezayo kubeba wati zote za mashine, nayo ni nzito na huenda bei yake ikaizidi ya mashine. Mashine kutoka Uingereza haina taabu hiyo, kwa kuwa volti na plagi zake huafikiana na za Kenya na Tanzania.

Hivyo basi, anayetaka kumtumia mzazi wake mashine asome kwanza volti zilizoandikwa kwenye kibandiko, ndipo aulize bei.

Swali kwa wanafunzi: Mashine ya wati 900 hutumia ampea ngapi katika volti 240? Je, fyuzi ya ampea 3 yaifaa?