Kuonyesha na Kuthibitisha: Istilahi za Uvimbe wa Kando ya Mji wa Mimba

Mfasiri anayeandika "picha imethibitisha saratani" hupotosha maana, si mtindo tu. Katika uvimbe wa ovari au wa mirija ya uzazi, vipimo viwili hutoa habari za namna mbili, na yafaa kila kimoja kipewe kitenzi chake.

Picha ya sumaku, yaani MRI, hutumia nguvu za sumaku na mawimbi ya redio, bila eksirei. Huonyesha kama uvimbe una maji, damu, mafuta au nyama. Katika madaraja ya 1 hadi 5 yaliyochapishwa mwaka 2020, hata daraja la 5 hukadiria uwezekano wa saratani kuwa asilimia 90 hivi, si 100. Uchunguzi wa tishu, ambao wengi huuita kupima kinyama, hutazama seli zenyewe kwa hadubini. Huo ndio uthibitishao. Aghalabu uvimbe unaoshukiwa hutolewa mzima kwa upasuaji, maana kuutoboa kwaweza kusambaza seli za saratani.

Mjini Babati, Kiswahili huwakutanisha Wagorowa, Wairaqw na Warangi. Mama aliyezoea Kigorowa nyumbani akisomewa "imethibitika", huenda akakata tamaa kabla ya wakati. Akisomewa "ni uvimbe tu", huenda asirudi kupasuliwa.

Hivyo basi, tuandike: picha huonyesha na kukadiria, tishu huthibitisha. Tena "uvimbe" usifasiriwe "saratani", kwani uvimbe mwingi wa namna hii si saratani.