Maana ya Maneno Makuu ya Historia, kwa Wanafunzi wa Masasi na Newala

Twapenda kusema na wanafunzi wa shule, na wazazi wao pia, juu ya maneno yapatikanayo katika kila kitabu cha historia ya dunia: biashara ya utumwa, himaya, mpaka, uasi, udhamini. Wanafunzi wengi huyashika kwa kichwa ili wayaandike siku ya mtihani, kisha huyasahau, maana hudhani kuwa ni habari za Berlin na London wala si habari zao. Lakini sivyo. Maneno hayo yote yalipita hapa kwetu, kati ya mto Lukuledi na mto Ruvuma. Tena iko sababu nyingine ya kuyajua vizuri. Neno kubwa mara nyingi hufunika jambo lililotendeka chini yake, na asiyejua maana yake hupotezwa kwa upesi. Basi na tuyatazame moja moja.

1. UTUMWA NA KUKOMESHWA KWAKE

Zamani misafara ya watumwa ilitoka pande za ziwa Nyasa ikapita nchi hizi kwenda Kilwa, na kutoka Kilwa watu walipakiwa majahazini mpaka Unguja. Tarehe 5 Juni, 1873, Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitia sahihi mkataba na Waingereza, akishurutishwa na balozi wao, John Kirk, kwa tishio la manowari. Soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Hapa mwanafunzi na awe mwangalifu. Mkataba ule ulikataza kusafirisha watumwa baharini na kuwauza sokoni; haukumfungua kila mtumwa. Sheria ya kuondoa utumwa Unguja ilitoka mwaka wa 1897, na katika Tanganyika mwaka wa 1922. Hesabu mwenyewe: tangu kufungwa soko mpaka sheria ya Tanganyika ilipita miaka 49.

Mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliondoka Unguja pamoja na watu waliookolewa katika majahazi, akiwarudisha bara, wakafanya kijiji chao Masasi. Lakini mwaka wa 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, walikishambulia kijiji hicho wakachukua mateka. Watu waliokombolewa baharini wakatekwa tena nchi kavu. Katika misheni hiyo hiyo alikuwako Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa katika utoto wake. Mwaka wa 1890 alipewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuupata, akafanya kazi yake Chitangali. Jina lake lastahili kukumbukwa pamoja na la Steere.

2. HIMAYA

Maana ya himaya ni ulinzi. Mwenye nguvu humwambia mnyonge, “Nitakulinda.” Ni neno jema, lakini yafaa kuuliza kama huyo mnyonge aliomba kulindwa.

Mkutano wa Berlin ulifunguliwa tarehe 15 Novemba, 1884, ukafungwa tarehe 26 Februari, 1885. Mwenyeji wake alikuwa Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani, wala hapakualikwa hata mtawala mmoja wa Afrika. Wanafunzi wengi huandika kwamba mipaka yote ya Afrika ilichorwa mezani pale. Si kweli. Mkutano ule ulitoa hasa kanuni za biashara ya mito Kongo na Niger, na kanuni za dola lipi laweza kudai pwani ipi. Mipaka ilikatwa baadaye, kwa mapatano ya dola mbili mbili.

Wakati mkutano ukiendelea, Mjerumani mmoja, Karl Peters, alikuwa akizunguka Usagara na nchi za jirani akiwaandikisha machifu mikataba kwa lugha wasiyoijua. Siku ya pili baada ya mkutano kufungwa, yaani tarehe 27 Februari, 1885, Kaisari wa Ujerumani akatoa barua ya himaya juu ya nchi hizo. Machifu waliweka alama zao juu ya karatasi, na baadaye wakaambiwa kwamba wametoa nchi.

Huku kwetu alikuwako Machemba, mtawala wa Kiyao, mji wake Luagala juu ya uwanda wa Makonde. Mwaka wa 1890 Wissmann, mkuu wa jeshi la Wadachi, alimtaka ashuke pwani kujitoa kwake. Machemba alijibu kwa barua ya Kiswahili. Alisema kwamba yu tayari kwa urafiki na kwa biashara, lakini kuwa mtu wa chini ya Wadachi hakubali. Na kama Wissmann anamtaka, aje yeye mwenyewe. Barua hiyo haikupotea, na wanahistoria huisoma hata leo. Tangu mwaka wa 1898 Wadachi walidai kodi ya nyumba, rupia 3, na Machemba hakukubali. Mwaka wa 1899 likatumwa jeshi juu yake, naye akavuka Ruvuma akakimbilia Msumbiji. Ndiyo maana ya himaya kwa mtu aliyeikataa.

3. MPAKA

Kwa nini Machemba alisalimika kwa kuvuka mto? Kwa sababu mwezi wa Desemba, 1886, Wajerumani na Wareno walipatana kwamba mto Ruvuma uwe mpaka kati yao. Wamakonde, Wayao na Wamakua walikuwako ng'ambo zote mbili, wakioana na kuzikana, wala hawakuulizwa. Mto uliokuwa njia yao ukawa ukuta katika ramani.

Lakini mpaka una pande mbili. Waliokimbia kodi ya Wadachi waliponea kusini. Na mwaka wa 1964, watu wa Msumbiji walipoanza vita vya kudai uhuru kwa Wareno, wakimbizi wengi walivuka mto huo huo wakaja kwetu. Ukisimama Newala na kutazama bonde la Ruvuma chini, waona mto tu. Mpaka wenyewe u katika karatasi.

4. UASI, AU VITA

Mwezi wa Julai, 1905, watu wa Umatumbi waling'oa pamba ya serikali waliyolazimishwa kuilima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa akitoa maji ya dawa, watu wakiamini kwamba risasi zitageuka kuwa maji. Wadachi walimnyonga mwezi wa Agosti mwaka huo huo, lakini vita vilikwisha kuenea. Misheni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa moto, na Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenziwe katika njia ya Liwale. Mwaka wa 1906 Wabenediktini wakaanza misheni mpya hapa Ndanda.

Katika vitabu vya Wadachi jambo hili liliitwa uasi. Katika vitabu vya Tanzania laitwa vita vya kupinga ukoloni. Mwanafunzi asidhani kwamba jina ni jambo dogo. Aitwaye mwasi amehukumiwa kabla ya kusikilizwa. Lakini asifanye upesi pia kusema kwamba watu wote walikuwa upande mmoja. Wamakonde wengi wa uwandani hawakuingia, na Nakaam wa Chiwata aliwapinga wapiganaji wa Maji Maji. Walioua watu wengi zaidi si risasi bali njaa, kwa maana jeshi lilichoma vijiji na vyakula. Wadachi walitaja watu 75,000 kuwa wamekufa. Wanahistoria wa baadaye wakataja hata 250,000 na kuzidi.

5. UDHAMINI

Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, majeshi yalikutana Mahiwa, karibu na Nyangao, mwezi wa Oktoba, 1917. Walipigana siku 4. Upande wa Waingereza walikuwako askari wa Nigeria na wa Bara Hindi. Upande wa Wadachi, chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck, askari wengi walikuwa Waafrika. Mwezi uliofuata Lettow alivuka Ruvuma. Nyuma ya kila jeshi walikuwako wapagazi, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi bila majina yao kuandikwa.

Baada ya vita Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake. Waingereza walipewa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, si kama mali yao bali kama amana, na hati ikathibitishwa mwaka wa 1922. Mwaka wa 1946 amana hiyo ikawa chini ya Umoja wa Mataifa. Huo ndio udhamini: mwenye koloni hujiona kuwa mwenye mali, bali mdhamini hupaswa kutoa hesabu. Wengi waliudhani kuwa ni ukoloni kwa jina jingine, na mara nyingi ulikuwa hivyo. Lakini neno hesabu lilikuwamo, na mwaka wa 1955 Julius Nyerere alikwenda New York akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kudai kwamba Tanganyika ihesabiwe kuwa nchi ya kujitawala. Tarehe 9 Desemba, 1961, ikapata uhuru.

Basi, wanafunzi, mkutanapo na neno kubwa kitabuni, ulizeni mambo matatu. Ni nani aliyelipa jambo jina hilo? Ni nani waliohusika bila kuulizwa? Na jambo hilo lilianza na kwisha lini hasa, si katika karatasi bali katika maisha ya watu? Kisha nendeni kwa wazee wa Luagala, wa Chiwata na wa Lukuledi, mkawaulize waliyoyasikia kwa babu zao, mkayaandike. Kitabu chaweza kungoja mwaka, mzee hangoji.