Ufukwe wa Lindi Unaanzia Nachingwea

Mwambie mtu wa Naipingo, wilayani Nachingwea, kwamba ngazi za kushukia ufukweni Lindi zinamhusu, naye atakushangaa. Yeye ana mikorosho, ufuta na mbaazi. Bahari iko mbali. Lakini mvua inayoosha mashamba ya Nachingwea na Ruangwa hushuka na maji yake hadi Mbwemkuru upande wa kaskazini na Lukuledi upande wa kusini, na mito yote miwili humwaga katika pwani ya mkoa wa Lindi. Maji hayo hubeba mchanga. Mawimbi huupokea, pepo za kusi na kaskazi huusukuma huku na huku kando ya pwani, na ule mkavu upepo huuinua na kuupeleka juu, nyuma ya mstari wa maji kujaa. Ukikuta majani, hutua. Mwaka baada ya mwaka tuta la mchanga huota hapo.

Tuta hilo ni ghala la ufukwe. Bamvua ikikutana na upepo mkali, mawimbi hula mchanga wa tutani, huutandaza chini ya maji karibu na pwani, na hapo nguvu yao hupungua kabla ya kufika kwenye kibanda cha wavuvi, njia ya mbao au ngazi za zege. Bahari ikitulia, sehemu ya mchanga hurudi. Palipochongwa tuta ili nyumba ione bahari vizuri, ghala limevunjwa, na wimbi linalofuata hugonga msingi wenyewe. Pwani ya kusini haina sababu ya kujiona salama: kimbunga kiliipiga Lindi mwaka 1952 na kuua watu, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, huku mvua zake zikikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga.

Mfano ulio wazi zaidi uko Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Ufukwe wake umeliwa kwa miongo kadhaa. Hoteli ya Africana iliachwa bahari ilipoisogelea. Siku hizi wengi wanalijua jina hilo kama kituo cha daladala tu. Watafiti walioichunguza pwani ile walitaja sababu kadhaa, na mojawapo ilikuwa mbali na mawimbi: uchimbaji wa mchanga wa ujenzi katika vijito vya Tegeta na Mbezi. Malori yalibeba mchanga uliokuwa njiani kwenda baharini. Nyumba zikapanda Dar es Salaam, na ufukwe ukakosa riziki yake.

Durban nako wamelipata somo hilo. Machi 2007 dhoruba iliyoangukia siku za bamvua kubwa iliharibu sehemu kubwa ya pwani ya KwaZulu-Natal, pamoja na ngazi na njia za watu. Mabwawa na uchimbaji mitoni vilikuwa vimepunguza mchanga unaofika pwani ile.

Sisi mara nyingi hukimbilia ukuta. Kandokando ya Barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam, ukuta ulihitajika kweli, kwa sababu mji umeshafika ukingoni. Ila wimbi likigonga ukuta hurudi na nguvu yake na kuchimba mchanga ulio mbele yake. Barabara inapona, lakini ufukwe unaweza kutoweka, na ngazi zikabaki zikishuka kwenye maji. Palipo na nafasi, naona ni kosa kumwaga zege kabla ya kujaribu tuta.

Kulirudisha tuta ni kazi ya mikono. Uzio mfupi wa makuti husimamishwa juu ya mstari wa maji kujaa ili upepo uangushe mchanga wake hapo. Mvua zikianza, hupandwa vipando vya ile mimea ya pwani itambaayo, yenye maua ya zambarau na majani ya umbo la kwato la mbuzi. Mizizi yake hushika kila inapogusa mchanga. Mvinje hutoa kivuli kizuri, lakini majani yake yaliyokauka hufunika chini na kuzuia mimea hiyo midogo, kwa hiyo usiachiwe tuta peke yake.

Kisha inakuja njia ya watu, na hapa ndipo miradi mingi hufa. Watu wakikata njia ya mkato moja kwa moja kwenda majini, upepo nao huipita na kuipanua hadi tuta linapasuka. Njia nzuri hukata kwa mshazari dhidi ya upepo, na ikiwezekana hupita juu ya nguzo za mbao ili mchanga uendelee kusafiri chini yake. Mvuvi, mama muuza samaki na mtoto anayekwenda kuogelea wote wapite hapo bila kulipa. Ufukwe ni wao pia, na asiyeruhusiwa kupita njiani atapita juu ya tuta.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Kipimo hichohicho inakiweka kwa kingo za mito. Kwa hiyo afisa mazingira anayekagua hoteli pwani na mwenzake anayekagua mashimo ya mchanga kando ya Lukuledi wanasimamia kifungu kimoja. Naipingo nako nyumba za bati na bloku zinaongezeka, na bloku inataka mchanga. Watu wajenge. Halmashauri za Nachingwea na Ruangwa zichague machimbo yaliyo nje ya mita hizo 60, zitangaze wazi ni wapi lori linaruhusiwa kupakia, na zizungumze na Lindi kabla ya kutoa vibali, kwa kuwa mchanga unaopakiwa huku ndio unaosubiriwa kule.