Ukuta Ulio Mbele ya Nyumba Yako

  Leo twataka kuzungumza juu ya maono. Hatusemi ndoto za usiku, bali lile jambo ambalo mtu huliona mbele yake na kulitumikia siku zake zote.

Miaka kadhaa iliyopita, katika ibada ya mkesha wa mwaka mpya, kila mmoja wetu alipewa kipande cha karatasi aandike maono yake ya mwaka unaoingia. Tukaandika, tukaombea, tukakunja, tukatia ndani ya Biblia. Siku nyingi zilipita. Tukitafuta somo katika kitabu cha Nehemia, karatasi ile ikaanguka, na tulipoisoma tuliona haya. Ilikuwa na mistari mitatu, na yote mitatu ilianza na neno "nipate". Nipate kiwanja, nipate cheo, nipate gari. Hatukumtaja mtu mwingine hata mmoja. Kuomba hivyo si dhambi, kwa maana kiwanja ni kitu chema. Lakini mtu aweza kuvipata vyote vitatu na bado asijue anaamka asubuhi kwa ajili ya nini.

Wahubiri wengi, na sisi tumo, tumezoea kuutumia mstari wa 18 wa Mithali 29 kuwahimiza watu wapange maisha yao. Lakini yafaa tuusome mpaka mwisho. Maono yanayotajwa pale ni neno ambalo Mungu aliwafunulia manabii, na nusu ya pili ya mstari huo yamtaja mtu anayetii sheria. Basi maono hayaanzi na swali, "Nataka kuwa nani?" Huanza na kusikia.

Nehemia alisikia. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi, huko Shushani, mnamo mwaka wa 445 kabla ya Kristo. Hiyo haikuwa kazi duni, kwa maana kikombe cha mfalme kilipitia mkononi mwake, na mfalme hampi kikombe chake mtu asiyemwamini. Kama maono ni kupanda cheo, Nehemia alikuwa amekwisha kufika. Ndipo nduguye Hanani alipokuja na watu wengine kutoka Yuda, na Nehemia akawauliza habari za nyumbani. Angalieni vizuri: yeye ndiye aliyeuliza. Wako watu wengi mjini ambao mgeni akija kutoka mashambani hawamwulizi kitu, wakiogopa jibu. Nehemia akaambiwa kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka, malango yameteketea kwa moto, na watu wamo katika aibu. Akaketi, akalia.

Hata hivyo, si kila jambo linalotuliza tumepewa sisi kulitenda. Habari hizo zilimfikia mwezi wa Kisleu, naye alizungumza na mfalme mwezi wa Nisani. Kwa kalenda yetu hiyo ni kama kutoka Desemba mpaka Aprili, yaani miezi minne hivi. Muda huo hakuiacha kazi yake. Aliomba na kufunga, tena twaona kwamba alifanya hesabu. Mfalme alipomwuliza safari yake itachukua muda gani, alitaja muda. Akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua nyingine kwa Asafu, mtunzaji wa msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango. Alijua hata jina la mwenye msitu! Hapa ndipo wengi wetu hushindwa. Ukimwuliza kijana aliyemaliza shule anataka kufanya nini, atasema anataka kulisaidia taifa. Ukimwuliza miti ataipata kwa nani, hunyamaza.

Alipofika Yerusalemu hakuitisha mkutano. Alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku pamoja na watu wachache, na mnyama mmoja tu, yule aliyempanda. Akatoka kwa Lango la Bondeni, akapita Lango la Jaa, akiukagua ukuta. Mahali pamoja mnyama alikosa hata nafasi ya kupita. Wakati huo wote hakuwa amemwambia mtu lile alilotiwa moyoni na Mungu. Sehemu hii twaipenda sana, na inatusuta pia. Mara ngapi tumeona mpango ukitangazwa kabla ya mtu yeyote kuutazama ukuta? Kamati yachaguliwa, kadi za harambee zachapishwa, mgeni wa heshima aalikwa, wala hakuna aliyekwenda kuhesabu mawe.

Kisha iko sura ya tatu, ambayo wengi huiruka kwa sababu ya majina yake magumu. Ndani ya majina hayo wamo wafua dhahabu na watengenezaji wa manukato wakishika kazi ya uashi. Yumo Shalumu, aliyejenga pamoja na binti zake. Wamo pia wakuu wa Watekoa, waliokataa kuinama kufanya kazi, na hilo nalo limeandikwa. Na wengi walijenga sehemu iliyokabili nyumba zao wenyewe. Maono ya Nehemia yalikuwa mji mzima, lakini kwa jirani mmoja yalikuwa dhiraa chache mbele ya mlango wake. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Labda yuko msikilizaji anayesema, "Mimi sina mfalme wa kunipa barua, tena umri umekwenda." Tukumbuke mzee wetu Kimani Maruge wa huko Eldoret. Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi mwaka wa 2003, yeye alisikia kama watoto walivyosikia. Mwaka wa 2004, akiwa na miaka 84, akaingia darasa la kwanza, amevaa kaptura na soksi ndefu za shule. Sababu zake zilikuwa wazi. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, ajue kama wahubiri walikuwa wakimwambia kweli, na alitaka kujua hesabu ili asipunjwe fedha. (Sisi tunaohubiri tuliisikia sababu ile ya kwanza kwa hofu kidogo.) Mwaka wa 2005 alisafiri mpaka New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilimfanya kuwa mkimbizi kambini, na kutoka kambini bado alikwenda shule. Alifariki mwaka wa 2009 kabla ya kufika mtihani wa darasa la nane. Cheti hakukipata. Kusoma alisoma.

Sasa tuseme ni mama auzaye mboga sokoni, na kila siku aona watoto wa jirani wakishinda nyumbani saa za shule. Jambo hilo lamwuma, naye ameanza kuomba. Asikimbilie kuchanga fedha za sare. Aende kwanza kwa jirani, akae, aulize kwa upole. Huenda akakuta kwamba sare ipo, ila mama yao ni mgonjwa na mtoto mkubwa ndiye achotaye maji na kumtunza mdogo. Basi ukuta wenyewe ni ule, nao wahitaji mtu wa kushika ndoo asubuhi mbili kwa juma. Hiyo yaweza kuwa kazi ndogo mno kuitangaza kanisani, lakini kwa nyumba ile ndiyo kubwa kupita zote.

Wala msidhani ukuta ukiisha mambo yametulia. Baada ya miaka kumi na miwili Nehemia alirudi kwa mfalme. Alipokuja Yerusalemu tena, alimkuta Tobia, yule yule aliyeudhihaki ukuta, amepewa chumba ndani ya nyua za hekalu. Nehemia akavitupa nje vyombo vyote vya Tobia, akaamuru vyumba visafishwe, akaanza tena kuwapanga Walawi kazini.

Ile karatasi yetu ya mkesha hatukuitupa. Tumeigeuza, na nyuma yake tumeandika jina la mzee mmoja wa mtaa wetu ambaye hajaonekana ibadani tangu mkewe alipofariki, na tunayepita mlangoni pake kila Jumapili. Hatujui anahitaji nini, kwa kuwa hatujamwuliza. Tutakwenda Jumamosi hii, Bwana akipenda.