Jiwe la Ardennes na uhai wa wembe

Unywele wa binadamu ni laini takriban mara 50 kuliko chuma cha wembe, lakini wawili hao wakikutana kila asubuhi, anayechakaa ni chuma. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, wakiwemo Gianluca Roscioli na Cem Tasan, walieleza sababu yake katika jarida la Science. Waliutazama wembe ukikata nywele chini ya hadubini ya elektroni, wakaona kwamba unywele hupinda unapokatwa. Ukipinda, huyaelemea makali upande mmoja, na pale chuma kilipo dhaifu humegeka kijipande kisichoonekana kwa macho. Mapengo hayo madogo yakiwa mengi, wembe huanza kuvuta ndevu badala ya kuzikata.

Wengi wetu wembe ukifika hapo tunautupa. Mazoea hayo yana umri wa karne moja na ushei tu, tangu kampuni ya King Camp Gillette ianze kuuza nyembe za kubadilisha mwaka 1903. Kabla ya hapo mwanamume alinyoa kwa wembe wa kukunja, bapa refu linalojificha ndani ya mpini, lililofuliwa katika miji kama Solingen ya Ujerumani, Sheffield ya Uingereza au Thiers ya Ufaransa. Wembe huo haukutupwa, ulinolewa. Ndiyo maana nyembe za wakati huo bado zinanyoa leo mikononi mwa watu ambao hata babu zao hawakuwa wamezaliwa zilipotengenezwa.

Siri ya maisha marefu kiasi hicho iko kwenye jiwe.

Madini ndani ya mwamba wa manjano

Miongoni mwa mawe yaliyosifiwa zaidi kwa kazi hii ni coticule, mwamba wa rangi ya manjano mpauko unaotoka milima ya Ardennes, mashariki mwa Ubelgiji, katika eneo la Vielsalm na Lierneux. Ulianza kama matope ya chini ya bahari karibu miaka milioni 480 iliyopita. Mgandamizo na joto vilipoubadilisha, ndani yake ziliota punje za ganeti, jamii ileile ya madini ambayo wachimbaji wa Taita Taveta na Mererani wanaifahamu kwa tsavorite ya kijani. Ganeti za coticule haziwezi kupamba pete. Ni ndogo mno, nyingi zikiwa na upana wa mikroni 5 hadi 20, na zimejaa kwenye jiwe kwa wingi. Ni ngumu kiasi cha kukwangua chuma cha wembe, na kwa kuwa umbo lake linakaribia mviringo, mikwaruzo zinayoiacha ni mifupi na ya juujuu.

Mwamba huu hupatikana kwa matabaka membamba, mengi ya sentimita chache tu, yaliyobanwa katikati ya mwamba wa buluu. Kwa hiyo fundi hukata kipande cha manjano na kukigandisha juu ya kipande cha buluu kisije kikavunjika. Mwishoni mwa karne ya 20 uchimbaji ulikaribia kufa, kisha kampuni ya Ardennes-Coticule ikaufufua. Huko Salmchâteau, karakana ya zamani ya mawe hayo sasa ni makumbusho.

Mkono mwepesi

Jiwe zuri pekee halinoi. Kinachonoa ni mkono unaojua kazi yake, na jambo la kwanza kuujulisha ni kwamba pembe ya makali haikisiwi. Mtengenezaji ameshaipima: mgongo wa wembe una unene uliowianishwa na upana wa bapa, ili ukiulaza wembe ubavu juu ya jiwe, mgongo na makali vikagusa kwa pamoja, upate nyuzi 15 hadi 18 hivi. Wajibu wako ni kutoinua mgongo hata mara moja.

Lowesha jiwe, kisha lisugue kwa kijiwe kidogo cha aina hiyohiyo mpaka litoe tope jeupe, zito kama tui la nazi. Sukuma wembe makali yakitangulia, kwa mshazari, kuanzia sehemu iliyo karibu na mpini hadi ncha. Ukifika mwisho, ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, kisha urudi. Kila baada ya mizunguko michache ongeza matone ya maji ili tope lipungue, mpaka umalizie kwa maji matupu. Tope zito hula chuma haraka. Maji matupu hulainisha.

Tazama maji yaliyo mbele ya bapa. Mwanzoni wembe huyasukuma tu. Makali yakishakaa sawasawa juu ya jiwe, maji huanza kupanda juu ya bapa kwa urefu wake wote. Kisha ushike wembe chini ya taa, makali yakikutazama. Makali kamili hayarudishi mwanga. Ukiona kimeta, hata cha ukubwa wa punje ya chumvi, hapo ni butu au pamepata pengo.

Kosa linaloua nyembe nyingi ni kukandamiza. Anayekandamiza huona kazi inakwenda upesi, kumbe bapa, ambalo ni jembamba mno, linapinda na kunolewa pasipohusika, na mgongo unalika bure. Uzito wa wembe wenyewe, ukiongozwa na vidole viwili vitatu, unatosha.

Mkanda kila siku, jiwe kwa nadra

Baada ya jiwe ni mkanda wa ngozi. Hapa mwendo hugeuka: mgongo hutangulia, makali hufuata, la sivyo utakata ngozi na kuharibu makali kwa pamoja. Mipigo 30 au 40 kabla ya kila kunyoa huyanyoosha na kuyasafisha makali. Anayefanya hivyo, na kuukausha wembe vizuri kila baada ya kuutumia, anaweza kukaa wiki nyingi bila kugusa jiwe. Anapolirudia, kinoo laini pekee kinatosha. Mawe ya chembe kubwa ni ya wembe uliopata pengo au uliotelekezwa.

Tahadhari moja haina mjadala. Wembe wa kunolewa ni wa mtu mmoja. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI vinaweza kupita kwenye wembe wenye damu, na jiwe wala mkanda haviviui. Kinyozi anayefungua wembe mpya kwa kila mteja anafanya lililo sahihi, na mteja ana haki ya kulidai.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu: tafuta wembe mmoja ambao fundi ameshaunoa, mkanda mmoja wa ngozi na jiwe moja laini. Usinunue kingine chochote mpaka mkono wako umejifunza wepesi. Wembe ukitunzwa hivyo, utamrithisha mwanao ukiwa bado unanyoa.